Kitanda cha Mama Mkwe wa Karani

Mimi si mtu wa kusahau. Kanisani walitufundisha sala ya kuwasamehe waliotukosea, nami niliisali kila Jumapili kwenye benchi la pili, lakini nikifika penye maneno hayo nilikuwa nakohoa. Nilikohoa hivyo karibu miaka miwili. Waliokaa karibu nami walidhani ni baridi ya huku kwenye chai, wakawa wananipa pole na kunishauri ninywe maji ya moto. Haikuwa baridi. Palikuwa na mtu mmoja niliyetaka kumwona akivuliwa kofia yake ya kazi mbele ya watu, na mpaka hilo litimie sikuona sababu ya kumdanganya Mungu.

Mtu huyo alikuwa karani wa afya. Kazi yake ilikuwa kukagua nyumba, na nyumba mojawapo ilikuwa ile niliyoitunza mimi.

Ilikuwa nyumba ya wazee. Msitu ulipokatwa ili chai ipandwe, walioukata wengi walitoka mbali: wengine ziwani kama sisi, wengine Kisii, na wachache walikuwa Wakipsigis wa hapo hapo waliofiwa na watoto wote. Mtu akishaumia mgongo au kifua hakufaa tena kwa panga wala kwa jembe, na sheria ya mashamba ilikuwa kwamba asiyefanya kazi haruhusiwi kulala kwenye laini, zile safu za nyumba za vibarua. Mama mmoja mzungu wa kanisa aliwakuta wazee wawili wamelala nje ya ghala, magunia ya chai ndani yakiwa yamefunikwa vizuri. Akajenga nyumba ndefu ya udongo na mabati, vitanda kumi, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, ukuta wa matete katikati, mlango mmoja tu upande wa wanawake. Akaniweka mimi nipike, nifagie, na niwageuze wasioweza kujigeuza. Mume wangu alikuwa kiwandani kwenye majiko ya kukaushia chai, na tuliishi nyuma ya jiko la nyumba hiyo.

Kosa la mama yule lilikuwa mahali alipojenga. Nyuma ya nyumba ulipita mpaka wa wilaya mbili, mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Nyumba ilikuwa upande wetu, lakini nusu ya wazee walikuwa watu wa upande wa pili, kwa hiyo maboma yote mawili ya serikali yalitutumia sheria. Boma letu lilisema choo kiwe hatua thelathini kutoka nyumba. Tulipohesabu hatua thelathini tulikuwa tumeyavuka mawe, na choo kikawa cha boma la pili, kikapata mkaguzi wake mwenyewe ambaye alikuja mara moja kwa mwaka kukitazama kisha akaenda zake bila kuingia nyumbani. Boma letu lilikataza moto ndani wazee wakilala. Boma la pili liliandika kwamba mzee asilale penye baridi. Mimi niliweka moto jikoni, nikapasha mawe, nikayafunga kwa gunia na kuyaweka miguuni mwao. Hakuna sheria iliyokataza mawe.

Sasa niseme habari ya baba yangu.

Baba alikuwa mmoja wa wale waliokuja mwanzo kabisa na mashoka. Mti ulimwangukia akapona, lakini kifua hakikurudi kama zamani. Mwaka ule wa nzige alianza kukohoa damu, mnyapara akamtoa kwenye laini, nami nikampa kitanda cha tisa. Kila mzee wa upande wa pili alitakiwa kuwa na barua ya chifu wa kwao, kusema kwamba hana mtu wa kumtunza huko. Ndugu yangu alitembea siku tatu kwenda na tatu kurudi akaileta barua ya baba. Chifu wetu hakuwa na muhuri. Aliweka kidole gumba chenye wino mzuri, mweusi, kila mstari wa ngozi ukionekana.

Karani akaishika barua ile kwa ncha za vidole. Alikuwa amevaa soksi ndefu na kofia ngumu ya kijani.

"Hii hapana muhuri," akasema. "Hii ni kidole. Boma yetu nataka muhuri."

"Chifu hana muhuri, karani. Unamjua. Ni chifu wa kwenu pia."

Kwa sababu yeye naye alikuwa mtu wa ziwani. Kwao na kwetu si mbali. Jogoo wa kwao akiwika sisi tunaamka.

"Pole, dada," akasema. "Sheria ni sheria. Siku tatu."

Siku ya tatu akaja na watu wawili na machela ya gunia. Wakamvusha baba mawe yale meupe, wakampeleka kambi ya watu wa barabara upande wa pili. Mnyapara wa kambi akatazama kipande cha baba, ile karatasi yake ya kazi, akakuta kiliandikwa upande wetu, akasema huyu si wetu, akamrudisha asubuhi. Karani akamkataa tena. Ilikuwa majira ya mvua ya mawe, na machela haina paa. Nilimwomba karani amwache baba jikoni kwangu hata siku mbili tu. Akasema jiko ni sehemu ya nyumba. Mara ya pili walipomvusha, baba alifia njiani, upande wa pili wa mawe, mahali ambapo ningeweza kumsikia akiita kama mvua isingekuwa inapiga mabati. Nilikuwa nampikia uji wa wimbi apelekewe kambini.

Kwetu mwanamume huzikwa kwake, ndani ya ua wake, upande wake wa nyumba. Kumbeba maiti kuvuka wilaya kulihitaji barua nyingine. Watu wa barabara wakamzika kando ya barabara, na karani akaja kutazama kama shimo lina kina kinachotakiwa. Nikamwambia mbele ya kaburi, "Wewe unajua maana ya kumzika mzee wetu mahali kama hapa."

"Mambo ya mila ni giza, dada," akasema. "Sisi ni watu wa kusoma."

Neno hilo ndilo lililompoteza. Barua, machela, mvua, hayo yote ningeweza siku moja kuyaweka juu ya sheria na ya mzungu. Lakini giza alilisema kwa kinywa chake.

Sikwenda kwa mganga. Wanawake wengine walinishauri, nikawaambia dawa ya moto ni moto. Yeye alimwua baba kwa karatasi, nami nikaanza kusoma karatasi. Nilikuwa nimejifunza kusoma kanisani, polepole, kidole chini ya neno. Sheria za boma letu zilibandikwa nyuma ya mlango, na kila jioni nikimaliza kuosha sufuria nilisimama pale na taa. Nilizijua zote kwa moyo kuliko nilivyozijua zaburi. Ya saba ilisema hivi: mkaguzi ataingia ndani kila mwezi, atatazama kila kitanda, atafunua kila blanketi, kisha ataweka sahihi kitabuni.

Ataingia ndani. Nilirudia maneno hayo nikipepeta unga. Nilijua yana kitu ndani yake, ila sikukiona mpaka mke wa karani aliponiletea mwenyewe.

Alikuwa mwanamke mpole, mwembamba, aliyeolewa na mtu aliyempita kwa makelele. Alinikuta baada ya ibada akaniita kando. Mama yake alikuwa amekuja kutoka kwao. Wana wake wote walikufa, mume alikufa, na huyu binti ndiye mtoto aliyebaki.

"Nimemweka jikoni kwa jirani," akasema. "Kwangu hawezi lala. Si unajua."

Nilijua. Kwetu mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Mkwe hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hamwiti jina, wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Na jambo moja kubwa kuliko yote: mwanamume haoni kitanda cha mama wa mkewe. Akikiona ni aibu isiyooshwa, na watu wetu huamini kwamba huwafuata mpaka watoto. Wakipsigis nao wana haya zao za mama mkwe, na Wakisii ni wakali kutushinda. Ni mzungu peke yake asiyejua.

"Na bwana yako anasema nini?" nikamwuliza. "Si yeye anasema mila ni giza?"

Akacheka kidogo, akatazama chini. "Hiyo anasema kwa watu. Kwa mama yangu hawezi. Juzi alisikia sauti yake kwa njia, akaruka mtaro na baiskeli."

Nilicheka naye. Ndani yangu nilisikia kitu kikikaa sawasawa, kama mtungi ukikaa kwenye kata kichwani.

Nikamwambia tuna kitanda. Nikamwambia amlete mama yake, mradi barua zikamilike. Nami nilizikamilisha. Barua ya chifu mwenye kidole tuliipeleka boma la pili ikapigwa muhuri, kisha boma letu ikapigwa muhuri mwingine, na mama wa kanisa akaongeza wa tatu ingawa hakuna aliyemwomba. Hapajawahi kuwa na bibi kizee mwenye mihuri mingi kama yule. Karani wakati huo alikuwa safarini akikagua maduka huko Sotik, na mkewe, nadhani, aliona vibaya kumtajia mumewe habari za mama mkwe. Nikampa kitanda cha kwanza, mlango ukifunguliwa ndicho unachokiona.

Mwezi ulipofika karani alikuja na baiskeli yake, akafuta viatu, akauweka mguu kizingitini. Nikamsalimu kwa heshima zote.

"Karibu ndani, karani. Kitanda ya kwanza iko na mgeni. Ni mama ya mama watoto wako."

Sijaona mguu ukirudi nyuma upesi namna ile. Alisimama uani akitazama mabati ya paa.

"Mtoe nje," akasema.

"Miguu yake hapana kubali. Na sheria inasema ukague mzee akiwa kitandani. Ya saba."

"Basi niletee kitabu."

Nikamletea. Akaandika akiwa amekiegemeza kwenye kiti cha baiskeli: vitanda kumi, vyote nimeviona, dirisha moja, blanketi safi. Akatia sahihi na mkia mrefu chini yake. Nikakipokea kitabu kwa mikono miwili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu; mwenzangu alikuwa ameanza kuuonja.

Bibi yule hakujua lolote. Kila mara alipokuja karani, alijifunika shuka mpaka kichwani akageukia ukutani, na karani alipoondoka alijifunua akiwa anatabasamu.

"Mkwe yangu iko na adabu," aliniambia. "Anasoma kitabu ya wazungu, lakini hajasahau. Wengine wangeingia tu."

Nilimpa uji, nikamwambia ni kweli. Nilimpenda, na hilo sikulipanga. Alikuwa na hadithi za ziwani zilizonifanya nicheke peke yangu jikoni, na mikono yake haikukaa bure. Alinisokotea kamba za kufungia kuni mpaka nikakosa pa kuziweka. Alimngoja binti yake kila Jumatano na Jumamosi, na binti alikuja kila Jumatano na kila Jumamosi, wakakaa wakisukana nywele. Niliwatazama nikafikiri juu ya baba yangu, nikazidi kukaza moyo.

Mwezi wa tatu boma la pili lilituandikia kwamba watu wake wote sharti walale kwenye nyumba yenye madirisha mawili, kwa ajili ya kifua. Fomu ya boma letu ilisema moja. Mama wa kanisa akamwuliza Bwana Daktari wa upande wetu, mzungu aliyekuwa mkubwa wa karani, akajibu kwamba mawili hayana neno, mradi karani ayaandike atakapokagua. Fundi akatoboa ukuta wa nyuma, kati ya kitanda cha kwanza na cha pili, akatia dirisha la mbao kubwa, la kufunguka nje. Ukiwa uani huwezi kuliona. Ukiingia mlangoni huwezi kukosa kuliona.

Mama wa kanisa akaniambia nimweleze karani. Nikaitikia. Sikumweleza. Kazi yangu haikuwa kumwambia yaliyomo ndani. Kazi yake ilikuwa kuingia ayaone. Miezi minne mfululizo aliandika akiwa uani, dirisha moja, nimeona, na sahihi yenye mkia. Subira huvuta heri, husema watu. Nilisubiri.

Bwana Daktari alikuja asubuhi moja ya kiangazi, pamoja na mwenzake wa boma la pili, kuona kama dirisha limefanywa. Karani alikuwa amefuatana nao, kofia imepigwa rangi upya. Nilikuwa nasonga ugali, nikatoka na mwiko mkononi. Bwana Daktari aliingia, akatazama, akatoka na kile kitabu. Akakifunua ukurasa mmoja mmoja.

"Karani. Hii nyumba dirisha ngapi?"

"Moja, bwana."

"Wewe naingia ndani kila mwezi?"

"Kila mwezi, bwana."

"Ingia sasa. Hesabu."

Karani akaja mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi nusu. Akasimama. Jasho lilimtoka chini ya kofia likashuka mpaka shingoni, na jua lilikuwa bado halijapanda. Akageuza kichwa akanitazama, na hapo akaelewa yote, kuanzia kidole cha chifu. Niliona akielewa. Neno moja tu lingemwokoa. Ningemwambia mzungu, bwana, humo ndani yumo mama mkwe wake, kwetu ni mwiko, ngoja nimfunike au nimbebe nje. Mzungu angecheka, angekasirika kidogo, yangekwisha. Neno hilo lilikuwa ulimini. Nikalimeza, nikaushika mwiko kwa mikono miwili.

"Ingia," akasema Bwana Daktari.

Kisha tukasikia mbao zikigonga ukuta nyuma ya nyumba, na kitu kizito kikianguka chini. Hakikulia.

Mimi ndiye niliyefika kwanza. Bibi alikuwa amelala chini ya dirisha kwa ubavu, shuka imebaki imenasa kwenye kizingiti cha mbao, mguu mmoja umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Mtu ambaye hakuweza kutembea mpaka jikoni alikuwa amejivuta, amepanda ukuta, amejitupa. Uso wake ulikuwa na mavumbi. Alinishika mkono.

"Mwambie mkwe yangu aingie," akasema. "Mimi nimetoka."

Wengine walikuwa wanakuja mbio. Karani alizunguka kona akamwona jinsi alivyo, bila shuka, akajigeuza mara moja akauelekea ukuta. Akaweka paji la uso kwenye udongo, kofia ikamwanguka, akalia kama mtoto, mabega yakipanda na kushuka. Hakuweza kumgusa wala kuondoka. Nilikuwa nimengoja miaka miwili kuona kofia ile chini. Niliiona. Nikaichukua shuka nikamfunika bibi.

Bwana Daktari hakutaka maelezo. Kitabu kilikuwa na uongo, sahihi ilikuwa ya karani, na sheria, kama alivyoniambia mwenyewe siku ile, ni sheria. Wiki haikuisha akafukuzwa. Nyumba ya kazi alinyang'anywa, akachukua mke na watoto akaenda kutafuta kibarua mbali, wengine walisema mashamba ya mkonge, wengine reli. Mkewe alikuja kuaga siku ya Jumatano. Alinishukuru kwa kumtunza mama yake, akanipa kuku.

Jumapili iliyofuata niliisali ile sala yote bila kukohoa. Wenzangu walifurahi kwamba kifua kimepona. Nami nilifurahi, sitasema uongo. Nilikwenda mpaka kaburi la baba kando ya barabara nikamweleza kila kitu, habari ya kofia, jasho, na ule mgongo ukitikisika ukutani, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Karani sikumsamehe, na leo bado. Kama angerudi akiwa mzee, bila mtu, na barua yenye kidole, ningemwuliza muhuri uko wapi.

Lakini bibi hakufa. Ule mfupa ulishikana vibaya, akawa hatoki kitandani kabisa, nami nikawa namlisha, namwosha, namgeuza asubuhi na jioni. Jumatano na Jumamosi alijitandia kitambaa chake safi kichwani akautazama mlango mpaka jua linazama. Hakuna aliyekuja. Aliishi miaka miwili hivyo, na kila asubuhi, kabla sijampa uji, aliniuliza swali moja.

"Mkwe yangu amepata kazi?"

"Bado, mama," nilimjibu. Mara ya kwanza nililijibu kwa furaha.